Posho ya Injini

Fundi anapochomoa plagi na kuigeuza kwenye mwanga, rangi ya kauri yake humpa habari ya kwanza. Kahawia hafifu ni heri. Nyeusi yenye masizi ni dalili kwamba petroli imezidi. Nyeupe kama chaki maana yake hewa imezidi kipimo chake kwa mafuta, silinda inachemka kupita kiasi, na asipowahi, pistoni itatoboka.

Mfano wa siku hizi ni Toyota Altezza iliyotolewa injini yake ya 1G ikawekewa 1JZ yenye turbo, kazi ambayo mafundi huiita swapi. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma kwa utulivu. Likikanyagwa kwenye lami ya Tabora kwenda Nzega, gia ya tatu haijaisha linaanza kukosa, linashtuka, nguvu inakata. Mafundi husema “mafuta hayafiki” au “inavuta hewa”. Hayo ni magonjwa mawili yenye dalili moja, na mengi ya makosa ya gereji huanzia pale yanapochukuliwa kuwa ugonjwa mmoja.

Tabora imeyajua magonjwa ya namna hiyo kabla ya tone la kwanza la petroli kufika.

Kabla ya reli, injini ya njia ya misafara iliyopita Tabora ilikuwa miguu ya mpagazi. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kilomita zipatazo 1,200, na Wanyamwezi walizipita wakiwa na mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei kwa kila mtu. Vitambaa, shanga na waya vilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na pamoja nazo watu waliotiwa utumwani. Mkuu wa msafara aliyeijua kazi yake alihesabu posho kabla ya kuhesabu siku. Kibaba cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku kilikuwa kipimo kilichozoeleka, na kikipungua miguu ilisema.

Mahali pa kuogopwa palikuwa Mgunda Mkali, ile nyika kavu baina ya Ugogo na Unyanyembe, nchi ya Tabora. Humo shuka na shanga hazikununua kitu, kwa sababu hapakuwa na wa kuuza. Msafara uliojitosa na posho pungufu ulijikuta ukitupa mizigo porini huku wapagazi wakitoroka usiku. Walionusurika wakafika Tabora walitua wiki nyingi, pengine miezi, wakila, wakishona mizigo upya, wakiajiri watu wengine. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857, wakapaandika kwa jina la Kaze. Wenyeji wengi husimulia kwamba jina Tabora lenyewe limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, chakula chepesi kubeba na kisichooza upesi. Kama ndivyo, basi huu ni mji ulioitwa kwa jina la posho ya safari.

Petroli nayo ilipoingia bara ilibebwa na watu hao hao. Tarehe 10 Agosti 1907 Paul Graetz, afisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam na gari lililoundwa Gaggenau, akikusudia kulivusha bara zima hadi pwani ya Atlantiki. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, siku 630 baadaye. Vitabu husifu gari na dereva. Lakini gari hilo lisingefika popote bila wapagazi waliotangulizwa na petroli, wakaiweka akiba kwenye vituo vya njiani. Mzigo ulikuwa umebadilika. Mabega yalikuwa yale yale, na hesabu ya posho ilikuwa ile ile.

Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vichwa vya treni vilidai maji na kuni, na nafasi za vituo zilipangwa kwa kiu hiyo. Kwenye reli hiyo hiyo ndipo ilipopita injini ambayo huenda ina historia ndefu kuliko zote za njia hii.

Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yalishushwa Dar es Salaam, yakapita Tabora kwa treni, yakaunganishwa upya Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipoona wanashindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliizamisha wenyewe ziwani tarehe 26 Julai. Hata hivyo mafundi waliopewa amri hiyo walifanya jambo la kuheshimiwa: kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini na maboila bado vinafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, na mashine hizo za mvuke zikaendelea kwa miongo mingine kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo zilipotolewa zikawekwa injini za dizeli.

Huenda hiyo ndiyo swapi kubwa kuliko zote za magharibi mwa Tanzania, na inafundisha kile ambacho vijana wa Altezza hukisahau. Anayetoa mvuke na kuweka dizeli habadilishi mashine pekee. Boila inaondoka, tangi la mafuta linaingia, mabomba yanachorwa upya, pampu na vichujio vinatafutwa, na mtu wa chumba cha injini anajifunza kazi nyingine. Injini mpya hudai njia mpya ya kulishwa.

Urambo, ngome ya Mtemi Mirambo aliyeifunga njia ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, palishuhudia kinyume chake. Waingereza walipaingiza kwenye Mpango wa Karanga, mradi wao wa kulima karanga kwa matrekta ulioanza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta mengi ya mpango huo yalikuwa mitumba ya vita, na vifaru vya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Nguvu ilikuwapo tele. Vipuri na mafundi havikutosha, ardhi ilikuwa ngumu, na katika miezi ya mwanzo theluthi mbili za matrekta zikawa zimesimama. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Urambo ikageukia tumbaku.

Sasa turudi kwenye ile plagi nyeupe.

Petroli huungua vizuri kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ikipanda Tabora huzidisha petroli. Iliyosetiwa Tabora ikishuka pwani hubaki na njaa. Injini ya kompyuta hujirekebisha yenyewe, ila kwa sharti kwamba sensa zake ziseme kweli.

Kwa hiyo fundi mzuri huanza na hewa. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kuzunguka gasketi ya manifoldi na mipira yote. Mlio ukibadilika, hapo ndipo inapovuta. Kisha hukagua eksozi, maana ufa ulio kabla ya sensa ya oksijeni huingiza hewa ya nje na kuidanganya kompyuta kwamba mafuta ni machache. Hayo yakiwa salama, hufunga geji kwenye njia ya petroli na kulipeleka gari barabarani likiwa na mzigo. Ugonjwa unaoonekana tu wakati turbo inasukuma mara nyingi huishia hapo: pampu iliyobaki kwenye tangi ni ile ya 1G, nayo haiwezi kuilisha 1JZ. Geji inashuka, na jibu limepatikana bila kununua sensa hata moja.

Ewe unayetaka kufanya swapi, usiondoke dukani na injini tupu. Dai nyaya zake, kontroli boksi yake, sensa zake na nozeli zake, uulize gari lililotoa injini hiyo lilikuwa na pampu ya aina gani, na ununue inayolingana nayo kabla hujalipa nauli ya kurudi Tabora.