Bunduki Yenye Sura ya Upole

Hebu msomaji, jiweke katika duka la bunduki nchini Marekani, mwaka 1995. Fedha unazo, polisi hawana neno nawe. Unataka bunduki inayojipakia yenyewe, yaani ile ambayo kila ukivuta kifyatulio inatoa risasi moja, na nyingine inapanda bila mkono wako. Ipi ni halali?

Sheria aliyoitia saini Rais Clinton tarehe 13 Septemba 1994 ilitazama sura. Ilizitaja baadhi ya bunduki kwa jina, Colt AR-15 ikiwemo, kisha ikatoa alama za kuzitambua nyingine. Kama magazini inachomoka, na bunduki ina mawili kati ya haya: kitako cha kukunja, mpini kama wa bastola, mahali pa kufunga singe, kifaa cha kuficha mwako mtutuni au kirusha mabomu, basi ni marufuku. Watengenezaji nao si wajinga. Wakakata pa singe, wakaondoa kificha-mwako, wakauacha mpini, wakabadili jina, mali hiyo ikarudi dukani. Halali tupu! Kwani, jamani, nani aliyewahi kusikia mtu kachomwa singe mitaa ya Chicago?

Hicho ni kichekesho tu. Kinachonikera mimi ni Ruger Mini-14. Ukiiona na kitako chake cha mbao utadhani ni ya babu, ya kulindia kuku. Kumbe inajipakia, magazini inachomoka, na risasi zake ni .223, zile zile za AR-15. Sheria ile ilikuwa na orodha ndefu ya bunduki zisizoguswa, na Mini-14 isiyo na kitako cha kukunja ilitajwa humo waziwazi. Sheria yenyewe ilikwisha muda wake tarehe 13 Septemba 2004, isifufuliwe.

Na hapo tayari Mini-14 ilikuwa na historia yake, ng'ambo ya mpaka, Kanada. Tarehe 6 Desemba 1989 kijana mmoja aliingia chuo cha uhandisi cha École Polytechnique, Montréal. Katika darasa moja aliwatoa wanaume nje, akabaki na wanawake. Hadi anamaliza, wanawake 14 walikuwa wamekufa. Bunduki aliyoshika ilikuwa Mini-14, aliyoinunua kihalali wiki mbili hivi kabla.

Heidi Rathjen, mwanafunzi aliyenusurika siku hiyo, akawa mstari wa mbele kudai sheria kali. Kanada ikabana magazini za bunduki za aina hiyo zisizidi risasi 5, na mwaka 1995 ikapitisha sheria ya kuandikisha bunduki zote. Mini-14 je? Ikaendelea kuuzwa kwa wakulima na wawindaji, tena kwa masharti mepesi kuliko ya AR-15. Ilikuja kupigwa marufuku tarehe 1 Mei 2020, katika amri iliyogusa aina 1,500 hivi, AR-15 ikiwa mojawapo. Tangu darasa lile ilikuwa imepita miaka 30 na karibu miezi 5.