Namna Kijava Kilivyofundishwa Darasani

Sisi tunaofundisha watoto tunajua taabu hii: mtoto anashika neno vizuri, lakini hajui amwambie nani. Katika kisiwa cha Java taabu hiyo inapita ya kwetu. Kula, ukisema na mwenzako, ni mangan. Kwa adabu ni nedha. Na mkubwa akila, tunasema dhahar. Mtu akijisemea mwenyewe dhahar, watu wanamcheka, maana amejikweza.

Serikali ya Waholandi ilitaka watumishi wake wajue lugha hiyo. Mwaka wa 1832 ikafungua chuo cha Kijava katika Surakarta, mji wa mfalme. Humo alifundisha C. F. Winter, mzaliwa wa Java na mkalimani. Winter hakutosheka na kanuni za sarufi. Aliandika mazungumzo, watu wakiulizana na kujibizana, hata mwanafunzi aone kila neno linatoka kinywa cha nani na linamwendea nani. Ranggawarsita, mshairi mkubwa wa jumba la mfalme, alimsaidia kazini. Mazungumzo hayo yalipigwa chapa Amsterdam mwaka wa 1848.

Lakini chuo chenyewe kilikuwa kimekwisha kufungwa tangu 1843, na masomo yakahamia Delft, Uholandi. Mwalimu wa huko, Taco Roorda, alikuwa mtaalamu kweli: aliandika sarufi, na mwaka wa 1838 alisimamia kutengenezwa kwa herufi za chapa za Kijava. Tena, ajabu, hakukanyaga Java hata siku moja! Hatumdharau, bila herufi zile vitabu vingepatikanaje? Ila wanafunzi wake, mbali na sokoni na barazani, walipaswa kusikia sauti za watu katika karatasi, na hapo kitabu cha Winter kilikuwa na faida kuliko kanuni nyingi.

Siku hizi walio hatarini ni watoto wa Java wenyewe, maana wengi wanasema Kiindonesia nyumbani. Herufi zao zimeingia katika Unicode ya kompyuta tangu 2009, na walimu wanatengeneza picha, michezo na video. Mengi ya hayo, kwa maoni yetu, yanaonyesha kitu na jina lake tu: nyumba, omah. Basi. Afadhali mwalimu anayeshika vikaragosi viwili vya ngozi, vya wayang, mmoja babu, mwingine mjukuu. Babu akiuliza, mtoto hana njia ila kutafuta neno la heshima, na wenzake wanangoja kusikia kama atasema omah au dalem.