Pumzi Ndani ya Mfuko: Miaka Mia ya Kumpima Mkimbiaji

Mwaka 1986 wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa timu katika mbio za nyika za dunia, kisha wakaendelea kuutwaa kila mwaka hadi 2003. Ulaya na Marekani swali likawa moja: hawa watu wana nini? Wapo waliosema ni mapafu ya watu wa milimani, wapo waliosema ni ugali, wapo waliotaja safari za asubuhi za watoto kwenda shule kwa miguu. Mwanafiziolojia wa Kiswidi, Bengt Saltin, aliona kubahatisha kumetosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake waliwapima wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia, kwenye nyanda za juu za Kenya na kwenye usawa wa bahari, ili walinganishwe kwa kipimo kilekile.

Kipimo chenyewe kilikuwa na umri wa miaka sabini. Mwaka 1923, Mwingereza Archibald Vivian Hill, aliyekuwa akifundisha Manchester, alichapisha pamoja na Hartley Lupton matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alifunga mgongoni mfuko mkubwa wa kukusanyia hewa, akauma mrija wenye vali, pua ikabanwa, akakimbia kuzunguka njia ya nyasi. Hewa aliyoitoa ilipochunguzwa, ilijulikana mwili umetumia oksijeni kiasi gani. Kadiri alivyoongeza kasi, matumizi yalipanda. Lakini yalipofika zaidi kidogo ya lita 4 kwa dakika, yakagoma. Kasi iliweza kuongezeka, oksijeni haikuongezeka tena. Hicho ndicho kilele ambacho wanasayansi wa leo wanakiandika VO2max.

Hill, ambaye alitunukiwa Nobeli ya tiba ya mwaka 1922 kwa kazi yake kuhusu joto la misuli, hakuwa na haja ya kutengeneza mabingwa. Alipoulizwa huko Philadelphia utafiti wake juu ya wanariadha una faida gani, alijibu kwamba waliufanya kwa sababu unafurahisha.

Waliofuata walikuwa na haraka zaidi. Maabara ya Uchovu ya Chuo Kikuu cha Harvard ilifunguliwa mwaka 1927 mjini Boston, na wakimbiaji wakaanza kupandishwa kwenye mashine ya kukimbilia. Mmoja wao alikuwa Clarence DeMar, mshindi mara saba wa marathoni ya Boston, ambaye damu yake ilionyesha lakteti, kemikali inayojikusanya kwenye damu kazi inapozidi, kidogo mno kwa kazi iliyowachosha wengine. Mwingine, Don Lash, alifikisha mililita 81.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika. Kijana wa kawaida asiyefanya mazoezi hucheza kwenye 40 na kitu. Namba ya Lash ikavuma, na kwa miongo mingi makocha wakaamini kuwa mwenye kilele cha juu ndiye mshindi. Habari ya damu ya DeMar haikupewa uzito uleule, na hapo ndipo mengi yalipopotea.

Kabla ya kurudi kwa wakimbiaji wa Saltin, kuna daktari mmoja wa kutajwa. Mwaka 1968 Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani alionyesha kwamba si lazima mtu awe na maabara. Mwache akimbie dakika 12, pima umbali kwa mita, toa 504.9, gawanya kwa 44.73, utapata makadirio ya kilele chake. Aliyekimbia mita 2,800 anapata takriban 51. Brazil waliutumia utaalamu wa Cooper kujiandaa kwa Kombe la Dunia la 1970, wakaenda Mexico kwenye hewa nyepesi na kurudi na kombe. Wasomaji wa kurasa za michezo wanalijua jina la Cooper kwa sababu nyingine: kwa miaka mingi huo ndio mtihani uliowatoa jasho waamuzi wa soka, na waliofeli walibaki nyumbani.

Sasa turudi Kenya. Matokeo ya Saltin, yaliyochapishwa mwaka 1995, yaliwavunja moyo waliotarajia mapafu ya ajabu. Wakenya walio kwenye mazoezi walipata wastani wa mililita 79.9 kwenye usawa wa bahari, na mmoja mmoja alikaribia 85. Lakini Waskandinavia bora, kwa ujumla wao, hawakuwa nyuma kiasi cha kueleza kipigo walichokuwa wakikipata. Tofauti ilijitokeza kwingine. Kwa kasi ileile Mkenya alitumia oksijeni kidogo, na pengo lilizidi kadiri kasi ilivyoongezeka. Lakteti kwenye damu yake nayo ilikuwa chini. Ni kama gari lisilokula mafuta: tangi linalingana na la jirani, ila linafika mbali zaidi.

Kama ubanaji huo wa oksijeni ndio siri, je, unaweza kufundishwa? Jibu zuri kuliko yote lilitoka Uingereza, kwa mwanamke mmoja. Mtafiti Andrew Jones alianza kumpima Paula Radcliffe akiwa kijana wa takriban miaka 18, akaendelea kwa zaidi ya muongo. Katika muda wote huo kilele chake kilibaki palepale, karibu na 70. Kocha anayetazama namba hiyo peke yake angesema binti hajapiga hatua. Lakini oksijeni aliyoihitaji kukimbia kilomita moja kwa kasi ya kilomita 16 kwa saa ilishuka kutoka mililita 205 kwa kila kilo ya uzito mwaka 1992 hadi 175 mwaka 2003. Uwezo wake wa kuruka juu uliongezeka pia, kutoka sentimita 29 mwaka 1996 hadi 38, ishara kwamba miguu ilikuwa imepata nguvu na mrusho. Msichana aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio za nyika alikuwa mtu wa nne katika mita 10,000 Sydney mwaka 2000; Aprili 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2019, alipoivunja Mkenya Brigid Kosgei.

Wakati huo wataalamu walikuwa wameshaanza kupiga hesabu za mbele. Mwaka 1991 Mmarekani Michael Joyner aliunganisha kwenye karatasi vipimo bora vilivyowahi kupatikana, akasema binadamu anaweza kukimbia marathoni kwa 1:57:58. Rekodi ya wakati huo ilikuwa 2:06:50.

Mei 2017 hesabu hizo zilipelekwa kwenye barabara ya mashindano ya magari ya Monza, Italia, katika mradi wa kujaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili. Wakimbiaji watatu walichaguliwa baada ya kupimwa, na Jones alikuwa miongoni mwa wanasayansi. Vipimo walivyofanyiwa wakimbiaji wa mradi huo vilionyesha kuwa mtu wa kilo 59 akitaka kumaliza kwa saa mbili huhitaji takriban lita 4 za oksijeni kila dakika, kiasi kinachokaribiana na kilele cha Hill, ila sasa kwa muda wa saa mbili mfululizo. Kwenye makaratasi aliyetisha ni Zersenay Tadese wa Eritrea. Miaka kumi nyuma watafiti walikuwa wamemkuta na matumizi ya mililita 150 tu kwa kilo kwa kilomita, kiwango cha chini ajabu, na alikuwa akishikilia rekodi ya dunia ya nusu marathoni. Alimaliza kwa 2:06:51. Lelisa Desisa wa Ethiopia alitumia 2:14:10. Mwenzao Eliud Kipchoge alimaliza kwa 2:00:25, na Oktoba 2019, mjini Vienna, akashuka hadi 1:59:40.

Kwa hiyo, anayetumia vipimo kupanga nani atashinda Jumapili anapoteza muda, Monza ilishajibu. Faida yake imo kwenye kumlinganisha mwanariadha na yeye mwenyewe wa mwaka jana, kama alivyofanyiwa Radcliffe. Hilo halihitaji mashine za maabara. Kocha wa shule ya sekondari mwenye uwanja wa mita 400, saa na daftari awapime vijana wake dakika 12 kila mwanzo wa muhula, kwenye uwanja uleule na saa zilezile za asubuhi, aandike tarehe na umbali, na kijana akihamia kwa kocha mwingine, daftari limfuate.