Chombo Kimoja, Masikio Mengi

Mwaka 1906, vumbi la Vita vya Maji Maji likiwa bado halijatua kusini mwa koloni la Wajerumani, mtaalamu mmoja kutoka Leipzig aitwaye Karl Weule aliondoka Lindi na msafara wa wapagazi, akapita Masasi, kisha akaupanda uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala. Katika mizigo yake kulikuwa na kamera na fonografu, chombo cha kunasa sauti juu ya mitungi ya nta. Wamakonde, Wayao na Wamakua wakamwimbia, nta ikachorwa, mitungi ikafungwa masandukuni na kusafirishwa hadi Ujerumani. Chombo kilikuwa na mwenyewe mmoja, na siri ya chombo ilikuwa yake yeye. Wenye sauti walibaki na jambo la kusimulia.

Hii ndiyo hali ya kawaida ya mtambo mpya popote ulipofika: unakuja na bwana wake, na ufunguo u mfukoni mwa bwana. Kisa kinachosimuliwa hapa ni cha hali nyingine, adimu zaidi, nayo ni ya watu wasio na cheo wala ujira waliokusanyika kukizunguka chombo, wakafundishana namna ya kukitumia, na kila aliyejua jambo akalitoa bure kwa asiyelijua. Vitabu vya historia ya kompyuta huuita mkusanyiko huo chama cha watumiaji, na huuanzia California. Msomaji wa pwani ana haki ya kuuanzia karibu zaidi.

Kabla ya kompyuta kulikuwa na redio. Visiwani barza zilikwisha kuizoea tangu Sauti ya Unguja ilipoanza kusikika mwaka 1951: redio ya mtu mmoja, masikio ya mtaa mzima. Bara, mazoea hayo yalipata mpango wake baada ya Azimio la Arusha, pale vilipoanza vikundi vya kusikiliza redio. Mwaka 1969 kulikuwa na kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, iliyoeleza Mpango wa Pili wa Maendeleo. Mwaka 1970 ikaja Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971 Wakati wa Furaha, kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Hizo zilikuwa za majaribio. Kubwa yao ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo kwa wiki kumi na mbili iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofunzwa katika semina za siku chache.

Utaratibu wake unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndio mfano wenyewe. Watu walikaa pamoja saa ya kipindi. Redio ilikuwa moja, aghalabu ya mtu binafsi aliyekubali kuiazima. Kipindi kikiisha, kiongozi, ambaye hakuwa mtaalamu bali jirani ajuaye kusoma, alisoma sehemu ya kijitabu kwa sauti. Kisha yakafuata mazungumzo, na mwisho kikundi kilitakiwa kuamua tendo moja la kufanya kabla ya wiki iliyofuata: kufyeka majani yanayofuga mbu, kuchimba choo, kuchemsha maji. Vyoo vilichimbwa kwa wingi mwaka ule. Yeyote aliyepata kuanika mawe ya redio juani ili yarudishe nguvu kidogo, yatoshe kufika mwisho wa kipindi, anajua kwamba ustadi wa mtumiaji hausubiri cheti.

Masasi na Newala zilikuwa na sababu za pekee za kulipokea jambo hili. Mkoa wa Mtwara ulitangulia mikoa mingi kwa wingi wa vijiji vya ujamaa, na vita vya ukombozi vya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma viliwafanya watu wa mpakani kutaka habari kama watakavyo maji, na maji, kwenye uwanda ule usio na mito, wanayajua thamani yake. Aidha, Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya sita, pamoja na Mafia na Ukerewe, zilizoteuliwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha. Kazi hiyo haikufanywa na walimu wa Serikali peke yao. Ilifanywa kwa sehemu kubwa na walimu wa kujitolea: makarani, mafundi, vijana waliomaliza darasa la saba, waliofundisha jioni kwa posho ndogo au bila posho. Aliyejifunza herufi mwaka huu aliweza kumshika mkono mwenzake mwaka ujao. Ni kweli kwamba kampeni zile zilitoka juu, na kwamba kijiji hakikuulizwa kama kinataka kufundishwa habari za choo au za bei ya pamba. Mtu mwaminifu hawezi kulificha hilo. Lakini kukaa pamoja, kuazimana chombo na kumsomea asiyesoma havikutoka juu. Vilikuwapo tangu zamani, navyo vikabaki kampeni zilipokwisha.

Wakati vikundi hivyo vikisikiliza, nchi ilikuwa na kompyuta chache tu. Ya kwanza ilifungwa Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya chumba kizima, yenye wataalamu wa kigeni, na mwananchi hakuijua ila kwa kusikia. Mradi wa kuziingiza hesabu za Serikali katika mitambo hiyo ulikwenda mrama, fedha nyingi za kigeni zikateketea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni; kamati ya wataalamu ikawekwa kuyachuja maombi ya wale waliodai kuwa hawana budi. (Wazanzibari wakati huo walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, na watu wa Bara waliovuka bahari waliitazama kwa husuda, lakini hayo ni masimulizi mengine.) Marufuku ile imechekwa sana baadaye. Hata hivyo, haikutungwa na wajinga. Waliopitisha amri walikwisha kuona mtambo usioeleweka na wanaoutumia unavyoweza kuishika nchi mateka, na kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mtambo huo utabaki daima kuwa wa chumba kizima.

Mwaka mmoja baadaye ulikwisha kuingia katika kisanduku. Usiku wa tarehe 5 Machi 1975, katika gereji ya nyumba ya Gordon French huko Menlo Park, California, walikutana watu wapatao thelathini kuitazama Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Mwitaji mwenzake, Fred Moore, alikuwa mpinga vita asiye na tamaa ya biashara, aliyeamini kwamba maarifa hukua kwa kupeanwa. Kikundi kikaitwa Homebrew Computer Club, yaani klabu ya wanaojipikia kompyuta nyumbani. Hakikuwa na ada ya kueleweka wala sharti la elimu. Mtu alisimama akaeleza alichokwama nacho, mwingine akajibu, kisha wote wakahamia nje kubadilishana vipuri. Kijana mmoja aliyehudhuria tangu siku ya kwanza, Steve Wozniak, aliwagawia wenzake michoro ya kompyuta aliyoibuni. Mchoro huo ndio uliozaa Apple ya kwanza mwaka 1976.

Hapo hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Februari 1976, Bill Gates, akiwa na umri wa miaka ishirini, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta waraka wa wazi akiwalaumu kwa kunakili bila malipo programu yake ya Altair. Kwa klabu, programu ilikuwa kama wimbo wa ngoma, kila aliyeusikia huondoka nao. Kwake yeye ilikuwa jasho la mtu na mali ya mtu. Washairi, ambao tungo zao zimeimbwa harusini miaka na miaka pasipo jina la mtunzi kutajwa wala senti kulipwa, wanaweza kuuelewa uchungu wa pande zote mbili, na huenda wakasita kutoa hukumu. Ugomvi huo haujakwisha hata leo.

Vyama vikaenea. Boston Computer Society ilianzishwa mwaka 1977 na mvulana wa miaka 13, Jonathan Rotenberg, ikakua hadi kuwa na wanachama zaidi ya 30,000, na karibu kazi zake zote zilitegemea watu wa kujitolea. Mwaka 1996 ilifungwa. Homebrew ilikwisha kufunga milango mwaka 1986. Havikuuawa na adui, bali kompyuta ilipofika dukani ikiwa tayari imeungwa, na maswali yalipoweza kuulizwa bila kutoka nyumbani, watu waliacha kukutana.

Afrika ya Mashariki iliingia kwa mlango mwingine. Marufuku ilipolegea katika miaka ya themanini, kompyuta ndogo zikaanza kuonekana maofisini na vyuoni, lakini simu zilikuwa mbovu na mawasiliano ya nje ghali mno. Dawa ilipatikana katika Fidonet, mtandao uliobuniwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984 na kuendeshwa na wapenzi wa kompyuta kwa gharama zao. Kompyuta moja iliipigia nyingine kwa simu, ikamwaga barua zote kwa mkupuo mmoja, ikakata. Mwanzoni mwa miaka ya tisini njia hiyo iliviunganisha vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka na Harare katika mradi ulioitwa ESANET, na barua za kwenda Ulaya zilipitia GreenNet, London. Ukikatika mstari, ilipigwa tena. Barua ya daktari wa Muhimbili iliweza kufika ng'ambo bila yeye kumiliki chochote ila diski, kwa sababu mahali fulani palikuwa na mtu aliyekubali kuiacha kompyuta yake ikesha kwa ajili ya wengine.

Mwaka 2003 ulikuwa na mambo mawili kwa watu wa kusini. Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na njia ya kwenda Lindi, Mtwara na Masasi haikusubiri tena kivuko. Na Serikali ya Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ikatoa Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Ilikuwa sera nzuri ya kusomeka. Lakini kijana wa Newala aliyeketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza alikutana na kizuizi ambacho sera na daraja havikukigusa: kioo kilimsemesha Kiingereza.

Kizuizi hicho kilishughulikiwa na mradi wa Kilinux, katika Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada kutoka Sweden. Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu, ambayo yeyote aliruhusiwa kuinakili na kuigawa, na ambayo ilizungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Kampuni ya Microsoft nayo ikafuata na Kiswahili chake. Hapa ndipo kazi ya fundi ilipokutana na kazi ya mfasiri, na ubishi ukawa mtamu. Kompyuta iitweje? Wengine walileta tarakilishi, neno lenye tarakimu na akili ndani yake, ambalo Kenya walilipokea kwa bashasha. Wengine ngamizi, ambalo sikio la pwani halikukosa kulisikia karibu mno na kuangamiza. Watumiaji wakasema kompyuta, na kompyuta ikabaki. Lakini barua pepe ilishinda mara moja, kwa kuwa pepe lilikuwa na upepo wake tangu asili. Kipanya kilishinda kwa mzaha wake. Tovuti na wavuti zilikaa bega kwa bega, hii ikiingia mahali pa ile. Neno lililotungwa vizuri lilienda lenyewe. Lililotungwa kwa nguvu lilibaki ndani ya kamusi likilinda ukurasa.

Leo uwanda wa Makonde una simu katika kila mfuko, na chombo si cha kuazimana tena. Mahali pamoja, hata hivyo, watu bado huketi pamoja kukizunguka. Ni katika mnada wa korosho. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Na kuanzia msimu wa 2024/2025 zabuni za wanunuzi zimekuwa zikipitia mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania. Kabla ya hapo zabuni zilikuja katika bahasha. Wakulima wa huko si wageni wa kusema hapana: Oktoba 2018 walizikataa bei za minada ya mwanzo wa msimu, hata Serikali ikaingilia mwezi uliofuata na Jeshi likatumwa kuzibeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sasa bei hutokea kwenye kioo. Husomwa kwa sauti, kwa kuwa si wote walio karibu na si wote wanaoona vizuri, na mkutano mzima hutakiwa kujibu kama unauza au hauuzi.