Kuteremka hadi Msimbati: Historia ya Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi

Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipofika Newala na Mahuta mwaka 1906, wazee walimsimulia Wamakonde walikotoka. Palikuwa na mtu mmoja porini, haogi wala hachani nywele, akachonga sanamu ya mti, ile sanamu ikageuka mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto, akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakazidi kupanda hadi kwenye vichaka vya uwanda wa juu, na huko wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa mwiko kukaa bondeni karibu na maji.

Hadithi hiyo ina akili nyingi ndani yake. Bonde la Ruvuma lilikuwa na mbu na homa, na katika karne ya 19 lilikuwa pia njia ya misafara ya watumwa na ya wavamizi wa Kingoni. Vichaka vya juu havipitiki kirahisi kwa mgeni mwenye mkuki. Gharama ya usalama huo ilikuwa maji: uwanda wa Makonde hauna mto wala kijito, mvua ikinyesha yote inazama ardhini. Weule aliwaona wanawake wakishuka genge kwenda kuchota na kupanda tena na vyungu. Hata mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa na wakoloni miaka ya 1950 na unaohudumia Newala, Tandahimba na Nanyamba, umekuwa ukisukuma maji kutoka chini kwenda juu, na historia yake imejaa pampu zilizokufa na mabomba makavu.

Kwa hiyo watu wa Nanyamba wanapopakia sufuria, mkeka na watoto kwenye Noah asubuhi ya sikukuu kwenda kuoga bahari Msimbati, jambo hilo si dogo. Babu zao waliyakimbia maji. Wao wanayalipia nauli.

Huko wanakokwenda ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Ni ya pili nchini kwa hadhi hiyo baada ya ile ya kisiwa cha Mafia ya mwaka 1995, zote zikitokana na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 650, na takriban theluthi moja ni nchi kavu. Inaanzia Msangamkuu, ng'ambo ya bandari ya Mtwara, inafuata pwani kusini hadi mpakani na Msumbiji. Wapiga mbizi wataalamu wamehesabu humo zaidi ya aina 250 za matumbawe. Kasa hutaga mayai kwenye mchanga wake, na wakati wa kusi nyangumi hupita na watoto wao.

Wageni wa mwanzo hawakuja kuogelea. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia mdomo wa Ruvuma na meli ya Pioneer, akitafuta njia ya maji ya kwenda bara. Mto ukapungua kina akageuza, akarudi mwaka uliofuata kwa mashua na bado hakuipata. Mwaka 1866 hakuhangaika tena. Alipoona mikoko haina pa kushushia ngamia wake, alikwenda kuteremkia Mikindani, akashika njia kwa miguu katika safari ambayo hakurudi hai. Baadaye Wajerumani na Wareno waligombania pembe ya Kionga, ng'ambo ya pili ya mdomo wa mto. Wajerumani waliishika mwaka 1894, Wareno wakaichukua tena mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles ukawaachia.

Mtu wa kwanza tunayeweza kumwita mtalii wa Msimbati, kwa maana ya mtu aliyeipenda kwa uzuri wake tu, huenda ni Latham Leslie-Moore, Mwingereza aliyejenga nyumba Ruvula, kwenye ncha ya rasi. Aliipenda kupita kiasi: alidai rasi hiyo ijitenge na Tanganyika iwe nchi yake yenyewe. Serikali ya Uhuru haikuwa na muda wa masihara hayo, na katika miaka ya 1960 alifukuzwa nchini. Nyumba yake ni magofu. Nadhani kisa chake kinasimuliwa mno na vitabu vya wageni, kama vile kabla yake hapakuwa na Mmakonde wala Mmaraba aliyeketi chini ya minazi ile jioni akapunga upepo.

Wenyeji wa pwani hiyo waliisemea bahari kwa njia nyingine. Bahari ni shamba letu, husema, na shamba hilo lilianza kuungua miaka ya 1980. Uvuvi wa baruti ulishika kasi kuanzia Mtwara hadi Lindi. Chupa ya baruti hutupwa, maji huruka juu, samaki huelea tumbo juu, na mwamba uliochukua mamia ya miaka kujengeka unabaki kokoto. Vijiji vyenyewe ndivyo vilivyopiga kelele kwanza, kwa umoja walioupa jina la Shirikisho katika miaka ya 1990. Nasisitiza hili kwa sababu hifadhi ilipokuja, wengi walidhani wazo lilitoka Dar es Salaam au Ulaya. Fedha za wafadhili zilitoka nje, ndiyo. Kilio kilitoka hapa.

Lakini waliolia hawakuomba kila walichopewa. Sheria mpya iligusa baruti, ikagusa pia nyavu za macho madogo, makokoro, mikoko ya kujengea na maeneo ya kuvulia. Hifadhi ilijaribu kuwabadilishia wavuvi nyavu ndogo kwa kubwa. Wako waliokubali, na wako waliosema nyavu kubwa hazifai kwa mtu asiye na mashua ya kufika maji makuu, na walikuwa na hoja. Mwanaanthropolojia Vinay Kamat, katika makala yake ya mwaka 2014, aliandika juu ya njaa na uchungu wa vijiji vya humo. Kinachowaudhi wenyeji zaidi ni gesi. Shirika la AGIP liligundua gesi Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na leo visima viko ndani ya hifadhi hiyo hiyo, kiwanda kiko Madimba, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam. Mvuvi anauliza kwa nini juya lake ni hatari na mtambo wa kuchimba gesi si hatari. Sijasikia jibu la kumtosha.

Watalii wa ng'ambo, ambao mipango yote iliwahesabia mapato, hawakuwahi kufurika. Mtwara ni mbali. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitishia mji mzima kabla ya kutua Cabo Delgado. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Msumbiji walivamia Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, na Machi 2021 Palma, ng'ambo ya pili, ikaungua. Nani atanunua tiketi ya kwenda kupiga mbizi hapo?

Waliobaki ni wa kwetu: watu wa Mtwara mjini, Nanyamba na Tandahimba, wenye pesa ya korosho mfukoni msimu ukiwa mzuri, wanaokwenda na wali wao na kununua pweza pale pale. Hakuna mpango wa hifadhi ninaoujua uliowaweka mbele, ingawa ndio wanaoijaza.

Kwa wanaojiandaa kwenda huko sikukuu, jambo moja la kuangalia ni mwezi. Kutoka Msimbati kwenda Ruvula gari hupita juu ya mchanga mgumu ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Idd el-Fitr huangukia mwezi mwandamo, kwa hiyo ni bamvua kila mwaka: kwenye saa nne asubuhi bahari iko mbali na barabara ni pana, saa kumi alasiri maji yamefika kwenye mizizi ya minazi na barabara haipo. Dereva asiyegeuza kufikia saa nane atangoja hadi usiku. Idd el-Hajj huja siku ya kumi ya mwezi mwandamo, wakati wa maji mafu, na bahari haiendi mbali wala hairudi sana. Wenye watoto wadogo huipenda hiyo zaidi.