Kani

Mwanafunzi wa Kayole au Umoja, jijini Nairobi, hufundishwa fizikia kwa Kiingereza, lakini Kiswahili kina neno zuri mno la kumsaidia: kani. Kushika kani ni kung'ang'ania jambo. Katika fizikia, kani ni msukumo au mvuto wenye kiasi na upande.

Upande ndio husahaulika. Chukua mkokoteni wa marobota ya mitumba unaotoka soko la Gikomba kwenye barabara tambarare. Kijana wa mbele anavuta kwa nyutoni 300, wa nyuma anasukuma kwa 200, msuguano unazuia kwa 440. Usijumlishe zote tatu! Za kuelekea mbele ni 500; toa 440, zinasalia 60. Hiyo ndiyo kani halisi. (Uzito haumo, kwa kuwa ardhi inausukuma juu kwa kiasi kilekile.)

Mkokoteni ukishika kasi, vijana wapunguze jumla yao hadi 440. Kani halisi sasa ni sifuri, na wengi huandika kwamba mkokoteni umesimama. Sivyo kabisa. Unaendelea kwa mwendo uleule, kama Newton alivyoeleza mwaka 1687. Utapungua mwendo wakiuachilia, msuguano ubaki peke yake.