Kigeu cha Kutungwa

Mabaharia wa pwani yetu wana neno batli: daftari ambamo nahodha huandika mwendo wa chombo, upepo na yaliyokipata njiani. Neno hili lilistahili kuingia kwenye kompyuta zamani. Waingereza walichukua jina la daftari lao la chombo, lililotokana na kipande cha gogo kilichotupwa majini kupima kasi, wakalipa faili ambamo kompyuta hujiandikia matukio yake. Wengi wetu tunasema kumbukumbu za mfumo, lakini kumbukumbu tayari ni sehemu ya kompyuta inayohifadhi data. Mimi nasema batli ya mfumo.

Syslog, programu aliyoibuni Eric Allman huko Marekani miaka ya 1980, ilisimamia batli kwa kanuni fupi mno: kushoto chanzo cha ujumbe na uzito wake, kulia faili la kuuandikia. Rsyslog, aliyoianzisha Mjerumani Rainer Gerhards mwaka 2004, ilikuja kupata lugha kamili ya kanuni, RainerScript, na humo msimamizi anaweza kubuni jina, akalipa thamani, kisha akalitumia mbele ya safari; jina la namna hiyo ndilo kigeu.

Tuseme mashine zote za tawi la Mwanza zina anwani zinazoanza na 10.1. Ujumbe ukitoka huko, kanuni inasema:

set $.tawi = "mwanza";

Kanuni zinazofuata hazina haja tena ya kuchunguza anwani; zinauliza $.tawi, na ujumbe unaandikwa katika faili la tawi lake. Anwani ilikuja na ujumbe. Neno mwanza halikuja nao. Limetoka kichwani mwa msimamizi.

Tofauti hiyo ndiyo istilahi inayopaswa kuibeba. Nimeona kigeu kama hiki kikiitwa kigeu kilichofafanuliwa na mtumiaji. Kufafanua ni kueleza kilichopo, na hapa hakikuwapo kitu. Kigeu cha mtumiaji ni kifupi, lakini kinapotosha zaidi: batli imejaa majina ya watumiaji walioingia na kutoka, kwa hiyo msomaji atadhani kigeu hicho kinabeba jina la mmoja wao. Tena anayekiunda si mtumiaji wa kawaida, ni msimamizi wa mfumo. Kigeu cha kutungwa kinasema kilichotendeka. Kigeu chenyewe nakipenda kuliko kibadilika, kwa kuwa ni kifupi na hakigombani na ngeli yake: kigeu kimoja, vigeu vingi.

Uhai wa vigeu hivi unahitaji maneno pia, maana hapo ndipo wanafunzi wanapoteleza. Chenye nukta baada ya alama ya dola huishi kwa ujumbe mmoja tu, kisha hufutika. Nakiita kigeu cha mpito. Chenye alama ya mshangao huambatana na ujumbe na huweza kuandikwa pamoja nao kwa muundo wa JSON. Chenye mkwaju ni kigeu cha jumla: hubaki ujumbe mmoja hadi mwingine. Hicho kitumike kwa hadhari kubwa, kwa sababu rsyslog huweza kushughulikia jumbe kadhaa kwa wakati mmoja, na thamani iliyowekwa kwa ajili ya ujumbe wa Mwanza ikasomwa na ujumbe wa Tanga.

Walimu wa kompyuta na wahariri wa kamusi, naomba mlijaribu neno hili darasani na katika miongozo yenu: kigeu cha kutungwa.